Kweli na Mfano wa Ndege ya Vita

Binadamu hupenda mfano wa kitu karibu sawa na apendavyo kitu chenyewe, na pengine zaidi. Fundi wa Lamu achongaye jahazi dogo la kuwekwa juu ya meza hutia mlingoti, foromali, tanga, usukani na kamba za jahazi kubwa zote, na mnunuzi hulishika mkononi, akaligeuza, akatafuta kasoro asiione. Hapana aulizaye jahazi lile limepakia nini. Tumbo lake ni tupu. Majahazi makubwa yalichukua boriti, tende, chumvi na mikeka. Yalichukua pia watu waliofungwa minyororo. Mfano haukuchukua lolote kati ya hayo, wala fundi halaumiwi kwa hilo, maana hakuahidi zaidi ya umbo.

Katika zama hizi umetokea uchongaji wa namna nyingine. Chombo chake si tezo wala patasi bali kompyuta, na kitu kichongwacho si jahazi bali ndege ya vita. Ipo michezo ya kompyuta inayoiga urukaji na mapigano ya angani, na mmojawapo ujulikanao sana ni DCS World, kazi ya kampuni ya Eagle Dynamics. Mchezo wenyewe ni kama uwanja na anga. Ndege huongezwa ndani yake moja moja, na kila moja huwa ni jasho la kikundi cha mafundi kwa miaka. Mwaka 2014 kikundi kilichoitwa Leatherneck Simulations kilitoa nyongeza ya namna hiyo, nayo ni MiG-21bis, ndege ya Kisovieti ambayo ukoo wake, pamoja na zilizoundwa nje kwa ruhusa, ulizidi ndege 10,000 na kutumiwa na majeshi ya mabara manne. Mafundi wa nyongeza kama hizi hawaahidi umbo tu. Huahidi kwamba ndege yao itaruka kama ile ya kweli, itachoka kama ile ya kweli, na itamtupa rubani mzembe kama ile ya kweli. Neno lao kubwa ni uhalisi. Kwa kuwa wamelichagua wenyewe, yafaa wapimwe kwalo: je, mfano waweza kuwa kweli katika kila sehemu yake, na bado ukapungukiwa na kweli katika jumla yake? Na ukipungukiwa, ni nani mwenye deni?

Hapana haki ya kuwahukumu kabla ya kuitazama kazi yao. Kazi huanza kwa karatasi. Hutafutwa vitabu vya marubani na vya makanika, michoro ya nyaya, majedwali ya mwendo na kimo. Hutafutwa ndege zilizosimama katika majumba ya makumbusho, zikapigwa picha kwa mamia na kupimwa, siku hizi hata kwa mwali wa leza. Kisha mwili hujengwa kwa vipande vidogo vya pembe tatu, maelfu kwa maelfu, vikaunganishwa hata jicho lisione maungo. Juu ya mwili huvikwa ngozi, na hapa ndipo fundi mvivu hujulikana. Kwa maana ngozi ya ndege iliyofanya kazi si safi. Rangi imebanduka pale buti la rubani linapokanyaga, swichi iguswayo kila siku imeng'aa, na iguswayo mara moja kwa mwezi ina vumbi pembeni. Chumba cha rubani wa MiG kimepakwa rangi ya samawati iliyochanganyika na kijani, na fundi hodari hajui rangi hiyo tu, bali ajua jinsi inavyochujuka kwa jua.

Umbo likiisha, bado hakuna ndege. Hapana budi iumbiwe hewa. Kwa kila mwendo, kila kimo na kila mwinamo wa bawa, kompyuta lazima iambiwe nguvu ya kuinua ni kiasi gani na ukinzani ni kiasi gani, na ihesabu upya mara nyingi katika sekunde moja. Bawa la MiG-21 ni la pembe tatu, jembamba, lililoumbwa kwa ajili ya kukimbia mara mbili ya mwendo wa sauti. Likilazimishwa kwenda polepole na kupinda sana, hula mwendo kama moto ulavyo makuti. Yote hayo huandikwa kwa tarakimu. Baada ya hewa huja matumbo: betri, nyaya, pampu, mirija ya mafuta, hewa iliyoshindiliwa inayoendesha breki za magurudumu. Mchezaji asiyewasha betri hapati kitu. Anayewasha vyote bila kufuata utaratibu hupata ndege iliyo hai nusu, dira yake ikimdanganya. Koni iliyo puani lazima isogee mbele kadiri mwendo unavyozidi, ili injini isikabwe na hewa. Ikikwama, injini huzimika. Mwisho huitwa mtu aliyeirusha ndege ile ujanani mwake, akaketi mbele ya kioo, akasema: hapa ni sawa, hapa ni nzito mno, na mlio huu sio.

Zipo tasnifu zilizopata shahada kwa uchunguzi mdogo kuliko huu. Tena wengi wa mafundi hawa walianza bila ujira wowote, usiku, baada ya kazi ya kuwalisha. Wale wauzao kazi yao leo, ukigawanya mapato kwa saa walizokesha, si watu wa kuonewa wivu. Kinachowasukuma ni upendo, na upendo wenyewe ni wa namna ya kuheshimiwa, kwa kuwa haupendi sura tu bali wapenda kujua.

Upendo huo una adili moja lililo wazi, nalo ni kutoficha aibu ya kipendwa. Katikati ya ubao wa vipimo wa MiG-21 umechorwa mstari mweupe wa kwenda chini. Mtu asiyejua angedhani ni pambo. Mstari ule uliwekwa kwa sababu ndege hii, ikiwa imepoteza mwendo na bawa likaacha kubeba, huweza kuanguka ikizunguka kama pia, na rubani aliyevurugika kichwa asijue tena katikati ni wapi; basi husukuma mkono wa usukani kuelekea mstari ule, na akijaliwa, ndege hutulia. Mstari mweupe ni ungamo la waundaji. Wasema kwa rangi: tumeunda kitu kinachoweza kukuua, na hii ndiyo njia tuliyokuachia. Fundi wa mfano angeweza kuchora mstari huo kwa dakika tano na kuliacha lile pia likae nje ya mahesabu yake, ili wachezaji wafurahi. Fundi mwaminifu hutia pia kwanza, ndipo mstari upate maana.

Aibu zile hazikuwa za mzaha. India ilianza kuipokea MiG-21 mwaka 1963, ikaunda nyingine nyingi kwao Nashik, na ikaiaga rasmi tarehe 26 Septemba 2025 huko Chandigarh. Mnamo mwaka 2012 waziri wa ulinzi wa India aliliarifu bunge kwamba zaidi ya nusu ya ndege 872 za MiG za aina mbalimbali walizonunua zilikuwa zimeanguka, na kwamba katika ajali hizo walikufa marubani 171 na raia 39. Wengi wa marubani walikuwa vijana waliotoka kwenye ndege za polepole za mafunzo na kupandishwa juu ya farasi huyu. Fundi aliyelainisha tabia ya ndege hii ili iuzike vizuri angewasingizia wafu wale uzembe, maana mchezaji angeshuka salama mara ya kwanza akajiuliza wale walishindwaje. Kwa hiyo mfano mkali, unaomwangusha mchezaji mara kumi kabla ya kutua vyema mara moja, una haki ndani yake. Hapa uhalisi si anasa. Ni namna ya kushuhudia.

Lakini ushahidi huo una ukomo, na ukomo wenyewe haumo katika tarakimu. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Mchezaji aliyeanguka kama pia hata ardhini huona moshi, kisha hubonyeza kitufe na kuketi tena katika ndege mpya yenye mafuta tele. Kila kitu kilichotangulia kifo kimeigwa kwa uaminifu ustaajabishao, na kifo chenyewe kimekuwa mlango wa kuzunguka. Haiwezi kuwa vinginevyo, na hapana mwenye akili atakaye iwe vinginevyo. Hata hivyo hofu ndiyo iliyokuwa nusu ya ndege ile. Mkono uliosukuma usukani kwenye mstari mweupe juu ya mashamba ya India ulikuwa ukitetemeka. Mkono ulioko mezani hautetemeki, au hutetemeka kwa furaha.

Na hilo ni la rubani peke yake, ambaye angalau yumo katika mfano. Yupo mwingine asiyekuwamo kabisa. Mnamo Oktoba 1978 ndege za MiG za jeshi la Uganda zilishambulia Bukoba. Watu wa chini hawakujua ni MiG ya ngapi, wala injini yake ni ya namba gani, wala kama koni ya puani ilisogea vizuri. Walijua mlio uliokuja baada ya ndege kwisha kupita, na walijua kukimbia. Mwishoni mwa Machi 1979 ndege ya Libya aina ya Tu-22 ilitumwa kupiga Mwanza. Mabomu yakakosa shabaha, yakaanguka kisiwani Saa Nane, yakaua wanyama waliokuwa wamehifadhiwa pale. Kwa rubani, na kwa mchezo uwezao kumwiga, tukio la namna hii ni kosa la mahesabu: kimo, mwendo, upepo, sekunde chache za kuchelewa. Kwa kisiwa lilikuwa jambo jingine. Ndege ya vita ina ncha mbili, moja ni chumba cha rubani na ya pili ni mahali bomu liangukapo, na mafundi wa uhalisi wamepima ncha moja kwa kipimo cha milimita na kuiacha ya pili ikiwa rangi ya kahawia yenye nyumba za kadibodi. Miji ya chini ina barabara na paa. Ni nadra kuona mtu mlangoni.

Atatokea mtu aseme: huu ni mchezo, na michezo ya vita ni ya kale. Bao ni vita. Kete huvamia, hula, huteka. Na mzee ashindaye kijiweni hutamba kana kwamba ameteka mji. Sataranji ina farasi, ngome na mfalme afungwaye. Hakuna aliyewahi kulilia kete iliyoliwa, wala hakuna aliyeitaka. Hoja hii ni nzuri nayo yastahili jibu lililo bora kuliko kukunja uso. Jibu ni kwamba bao halikudai kamwe kuwa vita ni hivyo. Kete ni komwe, na komwe haijifanyi mtu. Mchezaji huijua tofauti kabla ya kuketi. Udanganyifu hauwezi kuwapo pasipo ahadi. Mfano wa ndege umeahidi, na ndiyo sababu wapimwa kwa mizani ambayo bao halipimwi kwayo. Kadiri unavyosadikika katika swichi zake, ndivyo mchezaji anavyosadiki na yale yasiyosemwa: kwamba amekwisha kuijua vita ya angani, kwa kuwa amekwisha kuijua ndege.

Tena mpaka baina ya mchezo na kazi haukuwa imara tangu mwanzo. Mwaka 1929 Edwin Link, kijana aliyelelewa katika kiwanda cha vinanda vya baba yake huko Binghamton, Marekani, aliunda ndege ndogo isiyoruka, ikitikiswa na mivukuto ile ile iliyopuliza vinanda. Alitaka ifundishe watu. Wanunuzi wake wa mwanzo walikuwa ni viwanja vya michezo na tamasha, ambako watu walilipa senti chache wakayumba na kucheka. Mwaka 1934 jeshi la Marekani likapewa kazi ya kubeba barua kwa ndege, na marubani wake, ambao hawakuzoea kuruka kwa vipimo gizani na katika dhoruba, wakafa mmoja baada ya mwingine. Ndipo jeshi likanunua mashine sita za Link. Katika Vita Kuu ya Pili zilitumika kwa maelfu. Kichekesho cha uwanja wa tamasha kikawa chuo, na hesabu ya waliookolewa nacho haiwezi kukamilika. Katika zama hizi mto umerudi ulikotoka: nyongeza ya ndege A-10C katika DCS, iliyotolewa mwaka 2011, ilizaliwa kutokana na chombo cha mafunzo kilichotengenezwa kwa ajili ya jeshi la akiba la anga la Marekani. Kilichokuwa chuo kimekuwa burudani. Basi asemaye "ni mchezo tu" asema nusu ya habari, sawa na asemaye kwamba ni mafunzo ya kuua.

Uhalisi una na uchu wake. Atafutaye ukweli wa ndege iliyostaafu hupata vitabu sokoni. Atafutaye wa ndege ingali kazini hukutana na sheria. Mwaka 2019 Mrusi mmoja aliyekuwa akifanya kazi katika utengenezaji wa michezo hii alichukuliwa kutoka Georgia hadi Utah, akakiri makosa yaliyohusu kununua na kutorosha vitabu vya ndege F-16. Mwaka 2021 mchezaji wa mchezo mwingine aliweka hadharani kurasa za siri za kifaru cha Kiingereza, Challenger 2, kwa sababu alikuwa akibishana na wenzake kama kifaru cha mchezoni kimefanana na cha kweli. Hakutaka fedha wala hakulipenda taifa geni. Alitaka kuwa sahihi. Wapo wenye kuona jambo hili kuwa la kuchekesha, na kweli lachekesha. Lakini laonyesha pia kwamba kupenda usahihi, kama kupenda kitu kingine chochote, kwahitaji kutawaliwa, na kwamba mtu aweza kuwa mwaminifu kwa chombo akawa mwizi kwa watu.

Itasemwa: basi dawa ni kuongeza kilichopungua. Watiwe watu milangoni, watiwe majeruhi, itiwe sauti ya kilio. Dawa hii ni mbaya kuliko ugonjwa. Kilio kilichotiwa katika mchezo kitakuwa sauti moja zaidi ya kupimwa kama yafanana, na mwaka wa pili kitatolewa kilio kilicho bora. Mtu wa Bukoba hatapata heshima kwa kuchongwa kwa vipande vya pembe tatu ili aanguke vizuri. Kutokuwapo kwake katika mfano kuna adabu fulani, kama vile msikitini na kanisani kulivyo na vitu visivyochorwa. Lawama haipo katika kumwacha nje. Ipo katika kusema kwamba hakuna kilichoachwa.

Ndiyo maana deni la fundi ni la maneno zaidi kuliko la tarakimu, na si kubwa la kumshinda. Kila nyongeza ya namna hii hufuatana na kitabu cha maelekezo, nacho aghalabu ni kinene, kurasa mamia, chenye picha ya kila swichi na historia ya kila toleo la injini. Historia hiyo hueleza ndege iliundwa na nani, iliruka lini mara ya kwanza, iliuzwa nchi zipi. Fundi aliyekesha usiku mia kutafuta rangi ya ubao wa vipimo hashindwi kukesha usiku mmoja kutafuta mabomu yalianguka wapi, na kuyaandika katika kitabu kile kile, kwa herufi zile zile, bila kulia na bila kujisifu. Mwuzaji naye angeweza kupunguza ile tabia ya kutangaza kila bidhaa kwamba ni vita yenyewe. Neno "ndege" latosha. Wachezaji wengi, kwa haki yao, ndege ndiyo waliyoitaka: wapo wasiofyatua risasi hata moja, ambao furaha yao ni kuwasha injini kwa utaratibu, kupaa alfajiri, kutua, na kuzima.

Jambo hili lina uzito kuliko lilivyokuwa zamani kwa sababu asili zapotea na mifano yabaki. India imeiaga MiG yake. Nyingine zimewekwa juu ya nguzo penye milango ya kambi, zimezibwa matundu ili ndege wa porini wasijenge viota ndani, na makanika waliozijua wanazeeka. Nakala ya Kichina, F-7, ambayo Tanzania nayo iliinunua, itafuata njia hiyo hiyo. Ule mfano uliotolewa mwaka 2014 ulipita mikononi mwa kikundi kingine, Magnitude 3, nao umekuwa ukitengenezwa tena na tena, kwa maana kila toleo jipya la mchezo huvunja kitu katika ndege za zamani. Mtu atakayetaka kujua miaka hamsini ijayo jinsi mkono wa usukani ulivyokuwa mzito katika mwendo mkubwa, au breki za hewa zilivyolia wakati wa kutembea ardhini, hatakuwa na mahali pengine pa kwenda. Atauamini mfano, na katika hayo atakuwa na haki ya kuuamini. Akiuliza juu ya Bukoba atalazimika kwenda kwa wazee wa Bukoba, nao ni wale waliokuwa watoto mwaka 1978.